Kisiwani na Mama Mkwe

Nyumba ya wageni, jirani na bandari
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu aliyeungua uso kwa upepo na mwenye malengelenge visigino vyote viwili, lakini mzima. Mnaendeleaje huko kwenu? Kifua cha mtoto kimetulia? Mkeo ameshazizoea zamu zake mpya? Dada yako niliongea naye kabla hatujapanda boti. Bado ana plasta mguuni na anatembea kwa magongo, ila ulimi haukuvunjika, kwa hiyo nyumba inaendeshwa kama kawaida.

Najua utajiuliza imekuwaje fundi wa miwani, mtu anayeona uvivu kuandika hata risiti, akakaa kitandani na kalamu. Nimeona kwamba nikikupigia simu utanikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii ukiipata nusu itakuumiza kuliko ukiipata nzima. Barua haikatizwi. Dereva wa basi la alfajiri anapita mjini kwenu na ameahidi kukukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, halafu unigombeze utakavyo.

Safari yenyewe, kama unavyojua, haikuwa ya Mama. Dada yako ndiye mwanachama wa kile chama cha watembea kwa miguu cha ofisini kwao, na mwaka mzima alikuwa akiniburuza vilimani kila Jumamosi nisije nikamwaibisha kisiwani. Kumbe wa kuangushwa alikuwa yeye, tena na ngazi za ofisi, wiki ileile ya kuondoka. Tukawa tunajadiliana sebuleni nani achukue nafasi yake. Mama alikuwa pembeni anafumua kifungo cha koti langu akishone upya, akasema bila kuinua macho kwamba atakwenda yeye. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akakata uzi kwa meno, akauliza huko kisiwani kuna wanyama gani.

Kesho yake ndipo uliponipigia. Nakumbuka kila neno, maana nilikuwa dukani nasaga lenzi na ikabidi nizime mashine. Ulisema chumba kiko tayari, umekipaka rangi kwa mkono wako, na bafuni umeweka chuma cha kushikilia. Mpangaji wa nyumba ya Mama amepatikana. Tangu Baba atutoke, ulisema, hulali vizuri ukimfikiria yuko peke yake mle ndani. Ukamalizia kwamba wewe ukimwambia jambo hupinga hata kabla hujalimaliza, lakini mimi mkwewe hunistahi, basi nitafute wakati mzuri nimweleze taratibu. Nikakubali. Nilijiambia kwamba kwa siku zote hizo za kutembea pamoja, wakati mzuri hauwezi kukosekana.

Kwenye boti nilijaribu, bahari ikaniwahi. Nilianza na maneno ya kwanza mawili, la tatu nikalimalizia kwenye ndoo. Mama alinishika paji la uso kwa mkono mmoja kama mtoto mwenye homa, huku akimuuliza nahodha kwa nini mawimbi yanatupiga ubavu mmoja tu.

Kisiwa kile hakina mji wala kijiji. Kuna nyumba moja ya mawe juu ya gati, na ndani yake wanaishi watunzaji wawili wa ndege. Mmoja ni mwanamume wa makamo ambaye tulimpa jina la Kimya, na hakulikataa, kwa kuwa kukataa nako kunahitaji maneno. Mwenzake ni dada mcheshi, mama kijacho, ambaye angeondoka na boti yetu kwenda kujifungua. Sisi wageni tulikuwa wachache: Mama na mimi, daktari wa meno na mkewe, na kiongozi wetu, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na hatua za twiga.

Kabla hatujakanyaga nchi kavu tulipekuliwa. Si kwa ajili ya silaha. Kwa ajili ya panya na mbegu. Kimya alituelekeza tupige brashi soli za viatu, tukung'ute soksi, tugeuze mifuko ya suruali nje. Mkoba wa Mama ulichukua muda kuliko mizigo yetu sote, na katika kona yake zikapatikana mbegu za limau zilizokauka ambazo mwenyewe aliapa hazijui. Akauliza panya wangapi wanatosha kuharibu kisiwa kizima. Kimya akajibu kwamba anatosha mmoja, mradi awe jike mwenye mimba. Mama akasema hata mtaani kwetu ndivyo ilivyo. Nadhani hapo ndipo Kimya alipocheka kwa mara ya kwanza mwaka huu. Yule mama kijacho aligeuka kumtazama kama amesikia kiti kikisema.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana hata mimi, mtu wa kaunta na vioo, sijatulia bado. Nusu ya kisiwa ni tupu ndani. Juu unaona majani mafupi yaliyolazwa na upepo, lakini chini yake ndege wa baharini wamechimba mashimo, kila jozi na shimo lake, mpaka ardhi imekuwa kama mkate. Ukikanyaga ovyo unamvunjia mtu nyumba. Kwa hiyo tulitembea juu ya mbao zilizopangwa njia nzima, mmoja nyuma ya mwingine, na chini ya nyayo zetu tulisikia watu wakinung'unika. Nasema watu, kwa sababu sauti zile hazikuwa za ndege. Zilikuwa za wazee wanaoamshwa mapema.

Kimya alilala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni mpaka begani, akatugusisha kidogo tu mgongo wa ndege aliyekuwa analalia yai, kisha akamwacha. Akaeleza, kwa maneno machache kama anayalipia, kwamba baba na mama hupokezana. Mmoja hukaa gizani na yai bila kula, mwenzake yuko mbali kabisa baharini anatafuta samaki, na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku nyingi. Nikageuka kumwambia Mama atazame, nikamkuta ameshalala chini na sketi yake, sikio limebanwa kwenye mdomo wa shimo. Shemeji, niligeuza uso. Mkwe hajaumbwa kuona hayo. Lakini nilimsikia akiuliza kutoka kule chini: huyu aliyebaki anajuaje kwamba mwenzake atarudi? Kimya akasema hajui. Mama akainuka na vumbi shavuni, amefurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Basi ikawa hivyo kila siku. Aliuliza kwa nini mayai ya mwambani yamechongoka upande mmoja. Aliuliza kama sili, wale wanyama wa baharini wanaoota jua mawe­ni, huwa wanaota ndoto. Alimuuliza daktari wa meno kama ndege ana meno. Akaambiwa hana, akasema basi daktari huyu amekuja likizo kweli. Dada yako huniambia Mama amekuwa mtu wa kukaa dirishani, na wewe umesema hivyohivyo. Mimi pia nimemwona dirishani. Kule sikuona dirisha. Niliona visigino vyake mbele yangu, vinakwenda, nami nahema nyuma.

Jaribio langu la pili lilikuwa mbele ya kobe. Lile kobe, kubwa kama meza ya kahawa, lilikuwa limesimama katikati ya njia kwenye bonde jembamba, na sheria ya kisiwa ni kwamba mgeni haligusi wala halifukuzi. Unangoja lipite. Tukakaa kwenye mawe tukangoja. Nikaona hapa hapa. Mtu hawezi kukimbia mazungumzo mbele ya kobe. Nikamkaribia, nikasema, Mama, kuna jambo mwanao amenituma. Akaniambia ningoje kidogo. Lile kobe lilikuwa limefumba jicho moja tu, naye alitaka kuona kama la pili nalo litafumba. Lilifumba. Tukakaa pale mpaka chai ya chupa ikaisha, na maneno yangu nikayameza nayo.

Siku iliyofuata ndiyo siku ambayo nisingependa irudi.

Tulipanda upande wa juu wa kisiwa, kwenye kokoto, ambako hakuna mashimo wala mbao za njia. Kiongozi alikuwa mbele, Mama nyuma kabisa, mimi kati yao nikipambana na visigino vyangu. Tulipofika kileleni nikageuka. Mama hayupo. Na kama vile mtu amengoja nigeuke, ukungu ukapanda kutoka baharini ukatufunika, mkono ukiunyoosha huvioni vidole. Kiongozi akapuliza filimbi. Hakuna jibu. Akatupanga tushikane mikono tushuke polepole huku tunaita, na mimi niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Upande wa kushoto kulikuwa na jabali linalokatika moja kwa moja hadi majini. Tulisikia mawimbi yakipiga huko chini. Nilikuwa nakuona wewe na brashi yako ya rangi. Nilikuwa naona nitakavyosimama mbele ya dada yako, na sikupata hata neno moja la kuanzia.

Ukungu ulipoanza kuchanika tulimwona. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono magotini, ametulia kama anangoja aitwe kwenye dirisha la benki. Nilimfuata mbio. Hata sijamfikia akaweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba aliona ndege mdogo wa rangi ya mchanga anajiburuta, bawa moja limelala kama limevunjika. Akamfuata amsaidie. Kila akikaribia, yule ndege anajikokota mbele zaidi, anaanguka, anapiga kelele za kuhurumiwa, mpaka walipofika mbali kabisa, ndipo akakunja bawa lake vizuri akaruka zake, mzima wa afya. Mama akabaki anajiuliza kisa ni nini. Baadaye akaelewa kwamba pale alipomwona mwanzo lazima pana kiota, na mama mtu amejifanya kilema ili amwondoe karibu na watoto wake. Ukungu ulipomkuta akaona busara ni kukaa alipo. Alikuwa anacheka kimyakimya, machozi yanamtoka kwa raha ya kudanganywa vile.

Na mimi, badala ya kushukuru, nikalipuka. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba alipotea, kwamba angekufa, kwamba ndiyo maana wewe unataka ahamie kwako, chumba kimeshapakwa rangi na nyumba yake imeshapata mpangaji, maana hawezi tena kuachwa peke yake. Ndivyo nilivyoufikisha ujumbe wako, shemeji. Ulisema taratibu, mimi niliutupa kama jiwe.

Daktari wa meno akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Mama alinitazama, akasema: "Mimi sikupotea, baba. Nilijua nilipo. Nyinyi ndio mlikuwa hamjui." Akasimama, akakung'uta sketi, akashika njia.

Jioni aliniita nje ya ile nyumba ya mawe, kwenye benchi linalotazama gati. Nilianza kuomba radhi, akanikata. Alisema habari za chumba anazijua tangu zamani. Mtu aliyefanya kazi ya kupokea simu hospitalini miaka yote ile hawezi kuishi na watu wanaonong'ona asijue wananong'ona nini. Alisema hajakasirika. Anajua mnampenda, na anajua wewe hasa, kwa sababu tangu utotoni ukiogopa kitu hukijengea ukuta. Kisha akasema jambo ambalo nimejitahidi kulikumbuka kama lilivyotoka kinywani mwake: "Tangu baba yenu aondoke, kila mtu ananiuliza kama nimekula. Nimekunywa dawa? Nimelala? Maswali ambayo jibu lake mnalo tayari. Hapa nimeuliza swali, mtu akaniambia hajui. Unajua raha yake?"

Nikamuuliza kama amekula. Alicheka mpaka akanishika bega.

Sasa nafika panapouma. Kila asubuhi kisiwa lazima kiongee na bandari kwa redio ya mawasiliano: hali ya hewa, usalama, boti zinazotarajiwa. Kazi hiyo ilikuwa ya yule mama kijacho. Yeye akiondoka inabaki kwa Kimya, ambaye alikuwa ameshaanza kujaribishwa, na Kimya akishika kipaza sauti jasho humtoka, husema "Kisiwa. Salama. Upepo," akazima. Mama alivumilia kumsikiliza asubuhi moja tu. Ya pili akamwomba kile kipaza sauti. Akamsalimia mtu wa bandarini, akamuuliza hicho kikohozi kina siku ngapi, akamsomea hali ya hewa neno kwa neno, akamuaga kwa heri. Kimya akakaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nami nilicheka na wenzangu, sikuona kinachokuja. Ndiyo maana nasema ufundi wangu ni wa macho ya wengine.

Siku moja kabla ya kuondoka Mama alimwendea Kimya mwenyewe, bila mimi, bila kiongozi, akamwambia anataka kubaki. Atashika redio, atapokea wageni na kuwapekua viatu, atakaa mpaka makinda yaruke, maana anataka kuyaona yakiruka. Kimya akazungumza na wakubwa wake, kwa redio, sentensi nzima nzima, na wakubwa wakasema hawana pingamizi kama afya inaruhusu na familia imeridhia. Daktari wa meno akapima presha, huku akilalamika kwamba yeye ni wa meno tu. Akakuta ya Mama ni afadhali kuliko yake. Dawa zake zitakuja na boti kila mwezi. Ikabaki familia.

Na familia pale kisiwani ilikuwa mimi.

Kiongozi aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza bila kuzunguka kama watoto wa Mama wanajua na wamekubali. Alisema nikisema hapana, Mama anapanda boti, mjadala umekwisha. Kupitia dirishani nilimwona Mama gatini, hatazami upande wetu. Hakuwa ameniomba nimtetee. Hakuwa ameniomba kitu. Shemeji, nilivaa miwani ya mbao, mimi ninayeuza ya vioo, nikasema: "Mwanawe anajua, na ameridhia."

Nimesema uongo kwa jina lako. Naungama. Na Mama hayuko chumba cha pili hapa nyumba ya wageni; nimerudi peke yangu. Dada yako bado hajui. Kesho jioni atanifungulia mlango na magongo yake, atachungulia nyuma ya bega langu, na atauliza.

Sikuandikii ili unisamehe, ingawa ukinisamehe sitakataa. Nimeandika ili uamue. Boti inarudi huko mwezi ujao. Ukisema nikamchukue, nitapanda na nitamwambia ni amri ya mwanawe. Ila nakuomba kwanza upige simu ofisi ya bandari asubuhi, saa ya kuongea na visiwa. Watakuunganisha. Usimuulize kama amekula. Muulize ameona nini.

Yeye amenipa salamu zako, nazifikisha kama zilivyo. Anasema asante kwa rangi, anajua ni ile ya samawati na umepatia. Chumba mpe mwanao mkubwa, umri wake unataka mlango wa kufunga. Chuma cha bafuni kiache, siku moja utakihitaji mwenyewe. Mpangaji mwambie asubiri. Na anasema makinda yakisharuka atakuja kwenu kukaa siku nyingi, lakini kama mgeni, mwenye kuagwa akiondoka.

Ulipofika muda wa boti kutoka nilisimama nyuma kabisa ya boti ili aweze kuniona, nikapunga mkono mpaka ukafa ganzi. Alipunga mara moja. Halafu kuna kitu kilijigeuza kwenye mawe chini ya gati, sikukiona ni nini, akainama kukitazama, akatupa mgongo. Alikuwa bado ameinama hivyo mpaka kisiwa kikawa doa. Nilidhani nitaumia. Nilijikuta nataka nahodha arudi kidogo, nijue alikuwa anatazama nini.

Wasalimie wote nyumbani kwa majina yao. Mbusu mtoto kifuani. Nakutakia moyo mkunjufu, shemeji, leo hasa.

Ni mimi, mume wa dada yako, ambaye kesho jioni atagonga mlango wake mwenyewe kama mgeni.